Chanjo ya Kulipia

Mtu akikuambia kwamba Faustina Mgaya ni mpole, ujue hajawahi kununua mche wa parachichi kwake. Kitalu chake kiko nyuma ya nyumba, katika kijiji kimoja mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Igowole, na kazi ya kubebesha anaifanya kwa mkono wake mwenyewe: anakata mche wa kienyeji, anachonga kikonyo cha parachichi la kisasa, anakipachika, anafunga kwa nailoni, kisha anangoja kishike. Mteja akianza kuminyaminya miche kama anachagua nyanya, Faustina humwondoa mkono palepale. "Weka chini. Kama hujui unachotaka, rudi nyumbani kaulize." Na mteja hurudi kesho yake, amenuna lakini amerudi, kwa sababu miche ya mama huyu inashika kweli.

Hasira hizo hakuzaliwa nazo. Alikuwa kidato cha pili, ana miaka kumi na saba, alipopata mimba, na siku hizo mwanafunzi mwenye mimba hakuwa na kurudi. Mkuu wa shule alimsimamisha mstarini, akamwamuru avue tai mbele ya wenzake wote, utadhani ile tai ameiba. Hadi leo Faustina anaweza kukutajia waliocheka na walioinamisha vichwa. Aliyempa mimba, Vitus, kijana wa kidato cha nne, alifanya mtihani wake bila kuulizwa na mtu. Baadaye alimwoa, hilo tumpe, halafu akaenda Chunya kutafuta dhahabu na mpaka sasa anaitafuta. Mtoto akaitwa Blessing, jina alilolitoa bibi yake ili watu waache kusema waliyokuwa wanayasema.

Miaka ikaenda, na Blessing naye akafika kidato cha pili. Kutoka kijijini hadi shuleni ni mbali, kwa hiyo wasichana wanapanga chumba Igowole, wanne wanne, wenyewe wanakiita geto: magodoro mawili, sufuria, ndoo, na debe la unga ambalo kila mzazi analeta kwa zamu. Wanajipikia wenyewe, wanajilinda wenyewe. Jioni bodaboda wanakuja kupaki karibu na dirisha na chipsi zao kwenye mfuko wa nailoni. Kila mtu mzima wa eneo lile anajua, na kila mwaka wasichana watatu wanne wanarudi makwao na matumbo. Ndipo unaitishwa mkutano. Wazazi wanaambiwa wakae na mabinti zao wazungumze nao, bweni linaahidiwa, watu wanapiga makofi, wanatawanyika. Faustina alihudhuria mikutano mitatu ya namna hiyo. Wa nne hakwenda.

Badala yake, wiki moja kabla ya shule kufunguliwa mwezi Januari, alimchukua Blessing wakapanda gari hadi Mafinga, wakaingia zahanati moja ya mtu binafsi nyuma ya stendi. Alikuwa ameshatangulia kwenda peke yake kuyapanga mambo. Nesi alimuuliza swali moja tu la maana, "Mwenyewe anajua?" Faustina akajibu, "Mwenyewe ni mtoto. Anayejua ni mimi." Nesi akatabasamu, hakuuliza tena. Mungu awasamehe wote wawili, maana mimi bado sijafika huko.

Uongo wenyewe ulikuwa mwepesi kama nini. Mwaka uliotangulia, wasichana wote wa umri wake shuleni walichomwa begani ile chanjo ya saratani ya shingo ya kizazi. Faustina akamwambia binti yake kwamba hii ndiyo awamu ya pili, tena ya kulipia, bora kuliko ile ya bure. Tofauti yake ni kwamba inawekwa chini ya ngozi na kuyeyuka polepole kwa miaka mitatu. "Na usimwonyeshe mtu," akamwambia. "Wenzio wazazi wao hawana uwezo, watajisikia vibaya." Mtoto akageuza uso ukutani, akachomwa sindano ya ganzi, akawekewa kijiti cha uzazi wa mpango kwenye mkono wa kushoto. Walipotoka nje akasema, "Asante, mama." Na Igowole baridi yake mnaijua, sweta la shule halivuliwi tangu asubuhi hadi kulala. Nani angeuona huo mkono?

Kwa nini hakumwambia ukweli? Sababu alizitoa mwenyewe baadaye, na zilikuwa mbili. Ya kwanza, aliamini kwamba ukimwambia msichana umemkinga, umempa ruhusa. Ya pili, Faustina alikuwa mwenyekiti wa jumuiya, yeye ndiye anayeongoza rozari kila Jumamosi asubuhi nyumba kwa nyumba, na Kanisa lake halitaki kusikia habari za vijiti. Mtoto angeropoka, habari ingefika kwa padri kabla ya wiki kwisha. Kwa hiyo akanyamaza, akajiona mjanja.

Hadi Pasaka mambo yalikuwa shwari. Baada ya hapo Blessing akaanza kutokwa na damu, siku kumi, siku kumi na tano, inakatika, inarudi. Mama akamwambia ndiyo kukua huko. Halafu mtoto akanyamaza. Huyu alikuwa mtoto wa makelele, mfungaji wa netiboli, anayeimba kwaya ya vijana mpaka majirani wanamjua kwa sauti. Akaacha netiboli. Akaacha kwaya. Akija nyumbani Ijumaa analala hadi Jumapili, ukimwamsha analia, ukimuuliza analia nini anakuambia, "Sijui, mama. Kweli sijui." Viazi vya kuchoma, ambavyo zamani alikuwa anavigombania na wadogo zake, sasa vilikuwa vinapoa mbele yake.

Faustina alimkasirikia kwanza mtoto mwenyewe. Alimwita mvivu, akamwita mjeuri, akamwambia ada hailipwi kwa machozi, ingawa ada yenyewe ilishafutwa siku nyingi. Kisha akaitwa shuleni. Mwalimu wa darasa, Mwalimu Clement, alimkaribisha kwenye kiti na kumweleza kwa upole wa mtu aliyezoea kueleza hivyo.

"Mama Blessing, binti yako ana dharau. Namuuliza swali, yeye anatazama dirishani. Tumemchapa, hajabadilika."

"Mmemchapa kwa kosa la kutazama dirishani?"

"Kwa dharau, mama."

"Dharau gani! Mwanangu anaumwa huyo!" Faustina alisimama, na sauti yake ikasikika hadi darasa la mwisho. "Nyinyi mnafundisha au mnaswaga ng'ombe?"

"Sawa, mama, tulia," mwalimu akasema. "Anaumwa nini? Niambie ili niandike."

Faustina akashika mkoba wake, akatoka bila kuaga. Na hapa ndipo panaponichoma mimi kuliko pote. Mwanamke huyu hakuwa mjinga. Miaka minane nyuma, baada ya kujifungua mtoto wa tatu, yeye mwenyewe alichomwa ile sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango, na miezi hiyo mitatu aliilia yote. Alikuwa anakaa kitaluni machozi yanadondokea miche, hajui anamlilia nani. Dada yake Yudith alimwambia, "Achana na hiyo sindano, wengine haipatani nao." Akaacha, na baada ya muda hali ikarudi. Kwa hiyo alijua, au tuseme alihisi vya kutosha kujua. Alikuwa anamwangalia binti yake akididimia na jibu analo mdomoni.

Wanawake wa jumuiya nao wakaja, maana habari za mtoto anayelia hazifichiki. Mama Fanueli, mwenye sauti kubwa kuliko wote, akasema hayo ni mapepo ya upande wa baba, yameanza tangu Vitus aende kuchimba kwenye mashimo ya Chunya. Wakamweka Blessing katikati, wakamshika mabega, wakaomba hadi majasho yakawatoka. Mtoto alikaa katikati yao kimya, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri gari. Na aliyeongoza sala hiyo, aliyesema kwa sauti kubwa, "Bwana, tufunulie kilichomo ndani ya mtoto huyu," ni nani? Faustina. Alisema maneno hayo na ardhi haikupasuka.

Vitus alipigiwa simu. Akasema kwamba mtoto wa kike ana mambo yake, mama ndiye anayeyajua, na kwamba mtandao wa huko porini unasumbua.

Mwezi Juni, asubuhi moja, Faustina alikuwa jikoni anakoleza moto, Blessing amekaa kwenye kigoda anachambua mboga. Bila kuinua uso, mtoto akasema, "Mama, natamani nilale nisiamke tena. Sijagombana na mtu. Nimechoka tu kuwepo." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anavyosema chumvi imekwisha. Faustina alikaa chini kwenye majivu. Akamshika mtoto mikono yote miwili na hakumwachia mpaka jirani alipokuja kukaa nao. Kesho yake walikuwa kwenye basi la Mbeya.

Kwa nini Mbeya, na hospitali ipo Mafinga? Kwa sababu Mafinga kuna watu wanaomjua. Mtoto anataka kufa na mama bado anachagua pa kujificha. Mbeya alikuwepo Yudith, dada yake, aliyeolewa Mbalizi, na Yudith ndiye aliyewapeleka hospitali na kuwaacha kwenye benchi la kusubiri, akarudi sokoni kwenye meza yake ya mchele.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, Daktari Esnath, mtu asiye na haraka. Alimsikiliza Blessing kwanza, akamwacha alie, akampa muda. Kisha akaanza kuuliza.

"Kuna dawa yoyote unayotumia?"

"Hapana."

"Unatumia njia yoyote ya uzazi wa mpango? Vidonge, sindano, kijiti?"

Blessing alicheka kidogo kwa aibu, kicheko cha kwanza baada ya wiki nyingi. "Hapana, daktari. Mimi hata mvulana sina."

Daktari akaandika. Faustina aliiangalia ile kalamu ikiandika hapana, na mdomo wake haukufunguka. Wakapewa karatasi ya dawa, wakaambiwa warudi baada ya wiki mbili, wakatoka wakapanga foleni dirisha la dawa. Mbele yao walikuwa watu sita. Blessing alimwegemea mama yake begani, akafumba macho, akasema, "Mama, asante kwa kunileta."

Hapo ndipo Faustina alipoiacha ile foleni. Alirudi mbio kwenye korido, akausukuma mlango wa daktari na ndani kuna mzee wa watu ameshavua shati anapimwa kifua. "Ana kijiti!" akapiga kelele. "Nilimwekea mimi! Yeye hajui!" Alipogeuka, Blessing alikuwa amesimama nyuma yake mlangoni.

Mzee akavaa shati lake na kutoka bila kuambiwa. Daktari akafunga mlango. Faustina alianza kutafuta wa kumlaumu, maana ndivyo alivyozoea: nesi hakumweleza, nesi alisema hakina shida, serikali haijengi mabweni, bodaboda wa Igowole ni mbwa. Daktari Esnath alimwacha amalize, kisha akamjibu, na sauti yake haikuwa tena ile ya mwanzo.

"Mama, yote hayo yawezekana ni kweli. Lakini mimi nimemuuliza mgonjwa wangu swali na amenijibu uongo bila kujua, kwa sababu wewe ulikuwa umekaa pembeni yake unatazama. Ningemtibu gizani. Na hilo neno chanjo ulilolitumia, unajua umelifanya nini? Kesho akiambiwa kuna chanjo, atamwamini nani?"

Daktari akamgeukia Blessing, akavuta kiti hadi karibu yake, akazungumza naye kana kwamba mama hayupo.

"Nakueleza ninavyojua. Kijiti ni dawa ya kuzuia mimba. Wasichana wengi wanakaa nacho bila tatizo lolote. Wengine hali ya moyo inabadilika, wanakuwa na huzuni, na kwa wasichana wa umri wako tunatakiwa tuwe macho zaidi. Siwezi kukuapia kwamba ndicho kilichokufanya hivi. Huzuni ina njia nyingi za kuingia. Tunaweza kukitoa tukaangalia, na huku tunakutibu. Wewe unasemaje?"

Blessing alikuwa ameshavua sweta. Alikuwa anaupapasa mkono wake wa kushoto, anakifuata kile kijiti kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. "Kitoeni," akasema. Hakumwangalia mama yake.

Kilitolewa siku hiyohiyo. Walikaa Mbalizi wiki saba. Kila wiki Blessing alikwenda kuongea na mshauri, chumba kimefungwa, Faustina amekaa nje kwenye benchi na mkoba wake. Dawa alikuwa anameza. Wiki ya tatu akaomba nyongeza ya chakula. Wiki ya tano Yudith alimsikia anaimba akiosha vyombo, akamwita Faustina kwa mkono aje asikilize, na Blessing alipomwona mama yake mlangoni akakatisha wimbo. Kama ni kijiti kutolewa, au ni dawa, au ni yule mshauri, au ni kulala bila kuogopa bodaboda, Daktari Esnath hakutaka kuapa. Alisema tu kwamba anaendelea vizuri na asiache kliniki. Na katika siku zote hizo Blessing aliongea na kila mtu, na Yudith, na watoto wake, na wapita njia, ila hakumpa mama yake neno hata moja lisilokuwa la lazima.

Waliporudi kijijini, Jumamosi ya kwanza jumuiya ilisali nyumbani kwao. Wanawake walikuja na nyimbo. Mama Fanueli alimkumbatia Blessing, akatangaza kwamba mapepo yametoka, sala haijawahi kushindwa, na sasa mwenyekiti atoe ushuhuda. Faustina alisimama. Alikuwa ameandaa maneno ya shukrani, aliyakariri tangu kwenye basi. Akawatazama wote waliokaa kwenye mikeka yake, na hasira ikampanda kutoka miguuni.

"Pepo gani?" akasema. "Pepo ni mimi. Nilimpeleka Mafinga nikamwekea kijiti, nikamwambia ni chanjo. Mlipokuwa mnamshika mabega, kilikuwepo chini ya mikono yenu, na mimi naongoza sala nimenyamaza. Haya, ushuhuda ndio huo. Pigeni makofi!"

Hakuna aliyepiga. Mama Fanueli alikusanya kitenge chake, akaondoka, na wengine wakamfuata. Jumamosi iliyofuata walimchagua mwenyekiti mwingine bila hata kumpa taarifa.

Lakini Jumatatu iliyo katikati ya Jumamosi hizo mbili, saa nne asubuhi, mwanamke mmoja wa jumuiya hiyohiyo aliingia kwa mlango wa nyuma, akapita kati ya miche akijifanya anachagua. Nikitaja jina lake nitakuwa sina adabu. Alipofika karibu na Faustina akanong'ona, "Dada, hapo Mbeya wanakitoa siku gani? Wa kwangu nilimwambia ni sindano ya pumu."

Jioni akaja wa pili. Kesho yake, asubuhi na mapema, wa tatu. Na wa tatu ndiye aliyeyakuta yote. Faustina alitupa kisu chake cha kubebeshea chini, akampigia kelele ambazo zilisikika hadi barabarani.

"Unaniuliza mimi siku ya kukitoa? Nenda nyumbani ukamwambie mtoto wako kwanza! Mwili ni wake! Jumamosi ulinigeuzia mgongo na wewe unalo hilohilo nyumbani kwako? Toka! Kamwambie leo! Akitaka kukitoa, akitaka kubaki nacho, aseme mwenyewe!"

Mwanamke yule alikimbia, kanga mkononi. Faustina akainama kuokota kisu. Ndipo alipomwona Blessing amesimama upande wa pili wa nyavu za kitalu, amevaa sare, begi mgongoni, tayari kwenda Igowole. Alikuwa amesikia yote.

"Mama," akasema.

Faustina hakuthubutu hata kusogea.

"Geto mimi nilikuwa naogopa kila siku. Mlango wenyewe unafungwa kwa kamba. Wakigonga, tunakaa kimya wote wanne tumeshikana, hata kukohoa tunaogopa. Nilikuwa nataka kukuambia, nikawa nawaza utanipiga, utasema nimeshaanza wavulana." Sauti ilimpanda, na macho yake yalikuwa makavu. "Wewe ulikuwa unajua. Ulikuwa unaogopa kilekile ninachoogopa mimi, halafu ukanidanganya. Ungeniuliza tu, mama. Ningekubali."

Akarekebisha begi mgongoni, akaondoka kuwahi shule.